Mgongo wa Benki

Skelbeck, 6 Machi 1893

Kwa Bwana Aubrey Lascombe, Msanifu Majengo, Leeds

Mheshimiwa Bwana,

Taarifa ya wiki hii hapa, kama ulivyoagiza, na kwa ufupi, kama ulivyoagiza pia, ingawa ufupi haujawahi kuwa kipaji changu.

Mvua imenyesha siku sita mfululizo. Ya saba ilikuwa Jumapili, na jua likawaka, kwa kuwa hapakuwa na mtu kazini wa kulifaidi.

Uso wa benki umefika kwenye vizingiti vya madirisha ya chini. Yale mawe ya msingi uliyochora yakiwa na nyuso za kukwaruzwa, kana kwamba jitu limeyang'oa mlimani kwa kucha, yanawapendeza watu wa sokoni. Wanasimama kuyatazama. Mwuza samaki mmoja ameniuliza tunajenga benki au gereza. Nikamwambia inategemea utakuwa upande gani wa kaunta.

Jumatano niliyakataa mawe matatu. Waashi walikuwa wameyasimamisha badala ya kuyalaza kama yalivyolala machimboni. Jiwe la mchanga ni kama kitabu. Ukilisimamisha, baada ya majira ishirini ya baridi kurasa zinaanza kufunguka na kudondoka juu ya kofia za wateja. Jabez Ogden, mnyapara wa mafundi, akaniambia, "Mzee, baada ya baridi ishirini wewe mwenyewe utakuwa chini ya jiwe." Nikamjibu, "Basi na hilo ulilaze vizuri." Waliyageuza yote matatu.

Jambo moja la upande wa nyuma. Ukuta wa matofali unaopanda hadi vyumba vya kulala vya meneja uko futi tisa tu kutoka nyumba ya jirani, mjane aitwaye Keziah Tordoff. Ghorofani kwake kuna dirisha pana linalotazama kaskazini, yaani linatutazama sisi, na chini yake kibao cha mbao kilichoandikwa MWANGA WA ZAMANI. Ukuta ukifika kimo cha mchoro, dirisha hilo litatazama matofali. Mama huyo anatengeneza kasoro za vitambaa. Viwanda vya sufu vinamletea majora yaliyokatika nyuzi, naye anarudisha uzi mmoja mmoja kwa sindano mpaka hata aliyekifuma asijue kilikatika wapi. Kazi hiyo haifanyiki kwa taa.

Dirisha halimo kwenye mchoro wako. Naomba maelekezo.

Wako mtiifu,
Enoch Garside
Msimamizi wa ujenzi kwa niaba yako


Leeds, 9 Machi 1893

Bwana Garside,

Nilikuja Skelbeck mara mbili kabla ya kuchora, na mara zote mbili mji ulikuwa umefunikwa na ukungu na moshi. Dirisha sikuliona. Kwa kweli sikuuona hata mtaa.

Mawakili wa benki, hata hivyo, wanalijua. Wameandaa karatasi ya ujirani mwema, nami naiweka ndani ya bahasha hii. Imekunjwa na kupigwa muhuri, na mahali pa kutia saini pameachwa wazi. Mpelekee mama huyo, atie saini, nawe utie yako kama shahidi, kisha uirudishe. Atatakiwa kutoa ua moja la waridi kila mwaka siku ya Yohana Mbatizaji. Ni mambo ya kizamani, nadhani wanaona yanapendeza. Wanasema kazi hii inamfaa zaidi mtu wa kuaminika usoni kuliko karani wao, ambaye uso wake ni wa karani.

Wakurugenzi wamekaa kikao kingine kuhusu mzinga wa nyuki utakaochongwa juu ya mlango. Mmoja anaona nyuki ni wadogo mno kwa benki ya hadhi yao. Nimekuwa msanifu miaka ishirini na saba, na wiki hii nimeshinda nikinenepesha nyuki.

A. Lascombe


Skelbeck, 14 Machi 1893

Mheshimiwa Bwana,

Karatasi hii hapa, ina saini mbili, yake na yangu.

Nilimkuta mezani kwake, jora la buluu iliyoiva likiwa limetandazwa mbele yake, na alama za chaki mahali palipo na kasoro. Buluu iliyoiva ndiyo adui wa macho katika kazi hiyo. Nyuzi zote zinafanana na giza. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Umeisoma?"

Nikasema, "Ni barua ya ujirani mwema. Wanataka ua moja la waridi kwa mwaka."

"Waridi! Hapa Skelbeck, ambako masizi yanaua hata kabichi? Waambie nitawapa kitunguu."

Akacheka, akatia saini, subana ya kushonea ikiwa bado kidoleni. Mimi ni mtu ninayesoma kila kilichoandikwa, hata magazeti yanayofungiwa misumari, ndivyo nilivyojifunza kusoma. Hii sikuisoma, kwa kuwa ilikuwa na muhuri.

Nguzo mbili za granaiti nyekundu zimefika salama kwa reli. Farasi sita walizivuta kutoka stesheni na mmoja akaanguka mbele ya kanisa la Wamethodisti, lakini akainuka.

Wako mtiifu,
Enoch Garside


Leeds, 17 Machi 1893

Bwana Garside,

Karatasi imepokelewa na mawakili wamefurahi, kwa kadiri mawakili wanavyoweza.

Ni vyema ujue inasema nini, usije ukaulizwa mjini ukababaika. Inasema mwanga unaoingia kwenye dirisha hilo unaingia kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, yaani benki, na waridi ni kukiri ruhusa hiyo. Sheria unaijua. Dirisha lililopata mwanga kwa miaka ishirini haliwezi kuzibwa na mtu, mradi mwenye dirisha hajakiri kwa maandishi kwamba mwanga huo ni hisani. Mama huyo alikuwa na miaka ishirini na mitano ya mwanga. Tangu Jumanne hana hata mmoja. Kibao chake anaweza kukiacha, hakimzuii tena mtu yeyote.

Kwa hiyo ukuta wa nyuma upande hadi futi thelathini na sita kama ulivyochorwa. Ujanja huu haukunifurahisha, lakini sikuajiriwa ili nifurahi.

A. Lascombe


Skelbeck, 24 Aprili 1893

Mheshimiwa Bwana,

Barua yako ya tarehe 17 Machi nimeisoma. Nimeisoma mara kadhaa.

Mbele kazi inaendelea. Nguzo zimesimama pande mbili za mlango na tayari watu wanapita katikati yake wakiwa wamevua kofia, ingawa ndani hakuna sakafu bado.

Nyuma, Jumatatu iliyopita niliamuru safu kumi na moja za matofali, kozi nzima nzima, zibomolewe. Sikuridhika na chokaa.

Ogden alipanda jukwaani akiwa mwekundu kuliko matofali yake. "Mzee Garside, chokaa hii ndiyo hiyo hiyo iliyoko mbele!"

"Ya mbele nimeridhika nayo," nikasema.

"Imetoka kwenye shimo moja!"

"Hata mimi na kaka yangu tulitoka kwenye tumbo moja," nikamwambia, "na yeye yuko jela."

Wamebomoa. Tutachelewa wiki tatu. Mvua nayo haijasaidia.

Wako mtiifu,
Enoch Garside


Leeds, 2 Mei 1893

Bwana Garside,

Sijawahi kutilia shaka jicho lako, ndiyo maana nilikuomba wewe na si mtu mwingine. Lakini mkandarasi ameniandikia kurasa nne kuhusu chokaa hiyo, na kurasa hizo zina hasira yenye mantiki, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Tafadhali ukuta huo uende juu. Meneja anatarajiwa kuhamia na mkewe kabla ya baridi, na mkewe ameshachagua karatasi za ukutani za chumba cha wageni.

Nyuki wamekubaliwa. Sasa wanaona mzinga ndio mdogo.

A. Lascombe


Skelbeck, 12 Juni 1893

Mheshimiwa Bwana,

Nasikitika kukuarifu kwamba ukuta wa nyuma umebomolewa tena, na si mara moja. Mwishoni mwa Mei matofali yalikuwa na rangi mbili. Wiki iliyopita timazi, ule uzi wa kupimia wima, ilionyesha ukuta umeinama upana wa kucha.

Kuhusu rangi, Ogden aliniuliza nani ataiona, huku nyuma, kwenye uchochoro. Nikamwambia yuko mtu mmoja ambaye hatakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Kuhusu timazi alikaa juu ya ndoo. Kisha akasema, taratibu, na Ogden akisema taratibu ndipo anapoogopesha, "Mzee, miaka thelathini nimejenga chini ya macho ya wasimamizi. Nimewaona walevi, nimewaona wezi. Wewe hunywi na huibi. Basi una nini?"

Nilimwambia nina mafua.

Dari ya ukumbi mkubwa imeanza. Lile paa la kioo juu ya kaunta litakuwa zuri. Wateja wote watapata mwanga wa kutosha.

Wako,
Enoch Garside


Skelbeck, Siku ya Yohana Mbatizaji, 24 Juni 1893

Bwana Lascombe,

Hunijui. Mimi ni Keziah Tordoff, mwenye lile dirisha. Leo nawiwa waridi na benki, na kwa kuwa jina lako ndilo lililo kwenye kibao cha ujenzi, nakuandikia wewe. Waridi sina.

Wiki iliyopita nilikuwa dirishani, Jabez Ogden akanipigia kelele kutoka jukwaani, mtaa mzima unasikia: "Mama Tordoff! Huyo mpangaji wako ananibomolea ukuta kila mwezi kwa ajili ya dirisha lako! Mwambie akuoe, tumalize kazi!"

Nikamwuliza ana maana gani. Yeye naye hakujua vizuri, alikisia tu. Basi nikavaa kofia yangu ya kanisani nikaenda kwa mawakili, nikaomba nisomewe nilichotia saini. Karani alinisomea akitazama kalamu yake.

Bwana Garside anapanga chumba changu cha chini tangu Novemba. Nadhani hakukuambia. Ni mpangaji mzuri, anajifutia viatu na anasema asante. Ndiye aliyeniletea karatasi ile kwa mkono wake, nami nilitia saini kwa sababu ni yeye. Angekuwa yule karani ningemwambia anisomee kwanza. Sijamwambia Garside kwamba najua. Kila jioni anakula supu yangu na kunieleza habari za mvua, kana kwamba mimi nina mvua yangu nyingine.

Sikuandikii ili unihurumie. Nilishawahi kuhurumiwa, marehemu mume wangu alipofia kiwandani, na huruma haikudumu hadi Krismasi. Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi, na fundi huelewa kazi. Ndani ya barua hii kuna kipande cha buluu iliyoiva. Nimetia chaki mahali pa kasoro tano, na sindano iko pembeni. Kaa karibu na dirisha lako, uitengeneze moja. Kisha geuza kiti, ulipe dirisha mgongo, uitengeneze ya pili. Halafu utajua mlichonichukulia.

Nina miaka hamsini na minne na sina kazi nyingine ninayoijua.

Keziah Tordoff


Leeds, 27 Juni 1893

Garside,

Nimepata barua kutoka kwa mwanamke ambaye supu yake umekuwa ukiinywa tangu Novemba.

Msimamizi wangu hawezi kuishi chini ya dirisha ambalo jengo langu linaliziba, halafu asiniambie. Hilo wewe unalijua kuliko mimi. Ndiwe uliyenifundisha, tulipokuwa tukijenga ile shule ya Batley, kwamba msimamizi asikubali hata bia ya mkandarasi.

Nataka jibu la swali moja, na lisiwe na mvua ndani yake. Katika kozi zote ulizobomoa, kulikuwa na tofali hata moja baya?

A. L.


Skelbeck, 30 Juni 1893

Bwana Lascombe,

Hapana.

Ulikuwa ukuta mzuri. Mara zote tatu ulikuwa mzuri. Mara ya tatu ulikuwa mzuri kuliko ukuta wowote niliowahi kuukagua, kwa sababu Ogden alikuwa amekasirika na alitaka kunikomesha. Nilishika timazi na uzi ukasimama wima kama askari, nami nikatazama pembeni nikasema umeinama.

Nimesimamia makanisa manne, shule mbili, soko la nyama na choo cha umma, na kabla ya mwaka huu sijawahi kuikataa kazi nzuri. Sasa nimewavunjia wanaume kumi na wawili kazi ya mikono yao, mara tatu. Wananisalimia asubuhi na mimi siwezi kuinua macho kupita vifungo vya makoti yao. Nina miaka sitini na miwili, Bwana. Napanda ngazi ya jukwaa nikipumzika katikati, nikijifanya nakagua kamba.

Kuhusu karatasi ile sina la kujitetea. Sikujua imeandikwa nini. Uliponiambia, nilikuwa nimekaa mezani kwake, na yeye yuko juu anafanya kazi, nasikia kiti chake kikisogea kufuata mwanga. Nilitaka kupanda nimwambie. Nikaenda kubomoa ukuta badala yake, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi zaidi.

Sasa nisikilize kama fundi, kwa mara ya mwisho. Nyuma, ghorofa ya juu, kuna vyumba viwili: cha wageni, na cha kuwekea masanduku. Viondoe. Ukuta ukomee futi ishirini na mbili, na paa la vigae vya sleti literemke kutoka hapo kwenda katikati ya jengo. Kozi za juu zijengwe kwa matofali meupe yale yanayong'aa kama sahani, ambayo mnayatumia kwenye vishimo vya hewa katikati ya majengo huko mijini, ili yarudishe mwanga upande wa pili. Nimepima. Mbingu itaonekana kutoka mezani kwake. Si yote, lakini ya kutosha.

Utaniambia saini ipo. Ipo, ndiyo. Lakini karatasi ile inauruhusu ukuta kupanda, haiulazimishi. Nimeisoma sasa, nilikwenda kwa mawakili. Karani aliniambia mimi ni wa pili mwezi huu, akakataa kumtaja wa kwanza. Kwa barua yako nimemjua. Kumbe kila jioni nilipokuwa nikimweleza habari za mvua, alikuwa anajua.

Enoch Garside


Leeds, 11 Agosti 1893

Garside,

Nilikaa na kile kitambaa. Dirishani, asubuhi nzima, nilitengeneza kasoro moja, na mke wangu anasema ilikuwa nafuu kabla sijaigusa. Nikageuza kiti. Sikuiona hata ile chaki.

Jana nilikuwa mbele ya wakurugenzi. Niliweka mezani michoro miwili, wa uso na wa mgongo. Huo wa mgongo ni mpya, wenye ukuta wa futi ishirini na mbili, paa la mteremko na matofali yako meupe. Sikuficha kitu, kila namba imeandikwa. Uso waliujadili kwa saa moja na dakika arobaini. Mzinga sasa wanauona mkubwa mno na wanasema unafanana na keki. Mgongo hakuna aliyeufunua. Mwenyekiti aliutia saini kwenye kona iliyochomoza chini ya kikombe chake cha chai. Nimekuwa nikiwajengea watu nyuso maisha yangu yote, Garside, na sikujua kwamba nyuma yake kuna uhuru wa namna hii.

Ukuta utakomea futi ishirini na mbili. Ogden ameshapewa maagizo. Meneja na mkewe wataambiwa chumba cha wageni kimeondolewa kwa sababu za kitaalamu, ambazo watu hawaziulizi.

Sasa sehemu ngumu. Mkandarasi amepeleka malalamiko benki kuhusu kuta tatu zilizobomolewa bure, na yuko sahihi. Wakurugenzi wananitaka nieleze. Nikikutetea itabidi niseme ulibomoa kwa nini, na nikisema kwa nini wataufunua mchoro. Kwa hiyo nakuachisha kazi kwa kosa la kukataa kazi nzuri. Angalau si uongo, ulilitenda. Uondoke kabla ya Jumamosi, na usimweleze mtu yeyote, hata huyo mama, mpaka paa liwe limeezekwa. Mji mdogo una midomo mikubwa. Barua ya sifa kwa msanifu mwingine siwezi kukuandikia, nawe unafahamu hiyo maana yake ni nini kwa mtu wa umri wako.

Nilitamani kupata namna nyingine. Nilikaa nayo siku tisa.

Aubrey Lascombe


Skelbeck, 12 Agosti 1893

(Iliachwa chini ya birika la chai)

Bi Tordoff,

Nimeitwa ghafla. Nitakuwa kwa dada yangu huko Otley, nyuma ya kiwanda cha ngozi, mahali ambapo hata barua inafika ikiwa na harufu. Chumba nimekifagia. Kile kioo cha dirisha la jikoni kilichokuwa kinacheza nimekitia gundi, usikisukume hadi Jumatatu.

Supu ilikuwa nzuri siku zote.

E. Garside


Skelbeck, 19 Novemba 1893

Bwana Garside,

Benki ilifunguliwa Jumanne. Bendi ilipiga, meya alihutubia, na watu waliingia wakinong'ona kama wako kwenye ibada ya mazishi. Nyuki wa juu ya mlango ni wakubwa kama njiwa. Watu wote walisimama mbele wakitazama juu, vinywa wazi. Nyuma hakukuwa na mtu ila Jabez Ogden, aliyekuja peke yake kuutazama ukuta wake. Aliupapasa kwa kiganja kama anapapasa ng'ombe. Akaniona juu, akavua kofia, akasema, "Safari hii umesimama, mama."

Bwana Lascombe naye hakuwepo kwenye hotuba. Alipanda ngazi zangu, ameshika kile kitambaa changu cha buluu, akanirudishia na kuomba radhi kwa alichokifanya kwenye kona moja. Ni mwembamba na anakohoa. Alikaa mezani kwangu akatazama nje. Kisha akaniambia yote: mchoro wa mgongo, kikombe cha chai, na wewe ulifukuzwa kwa nini na ukaamriwa kunyamaza. Nilimpa chai. Nikampa na sindano ajaribu tena. Hana mkono wa sindano kabisa.

Utataka kujua kuhusu mwanga, maana nakujua. Matofali meupe yanasaidia kuliko nilivyotegemea. Yakilowa mvua yanang'aa zaidi, kwa hiyo mvua yako ina faida hatimaye. Lakini si kama zamani. Mwezi huu wa Novemba nilikuwa naweza kufanya kazi hadi karibu saa kumi. Sasa saa tisa na robo naweka sindano chini. Buluu iliyoiva naifanya asubuhi tu. Majora mawili nimeyarudisha kiwandani. Naishi.

Mke wa meneja alikuja kunitembelea. Mwanamke mchanga, mpole, amevaa glavu ndani ya nyumba. Anasema akishuka ngazi zao ananiona dirishani, anahisi anatazamwa nyumbani kwake, je, siwezi kuweka pazia? Nikamwambia, "Mwanangu, mimi natazama nyuzi zilizokatika tu. Ukitaka nikutazame itabidi ukatike kwanza." Hajarudi, lakini alinitumia nusu ya keki.

Sasa yetu.

Miezi mitano nilidhani uliisoma karatasi ile, ukaniletea, ukanitazama nikitia saini. Kabla hujaondoka nilikuwa nakupakulia supu nikiwaza hivyo. Sijui kwa nini nilikupakulia. Bwana Lascombe ameniambia hukuisoma, na aliniambia kama mtu anayeniletea zawadi. Mimi sioni kama ni zawadi. Wewe, Enoch Garside, unayesoma mpaka gazeti lililofungiwa misumari! Umenisomea mezani hapa matangazo ya dawa za farasi, na farasi hatuna. Karatasi moja tu ndiyo hukuisoma, nayo ilikuwa yangu. Si muhuri uliokuzuia. Ulihisi ndani yake kuna jambo, na ulitaka kuendelea kulala vizuri. Ungeisoma ukanidanganya ningekufukuza, na yangekwisha. Hili la kutotaka kujua sijui niliweke wapi.

Halafu ukajua, na wiki ishirini na moja hukusema. Kuta tatu umeangusha, neno moja limekushinda.

Nimekaa na hasira hii tangu Juni na nimechoka nayo. Ni nzito, na inanila macho ambayo nayahitaji kwa kazi. Chumba cha chini kipo. Nilimpangisha mkaguzi wa gesi, nikamwondoa, anapiga mluzi. Ogden anasema shule ya Jumapili ya Wamethodisti inataka mtu wa kuwasimamia kwenye ukarabati wa paa, na hawajali barua za sifa, kwa kuwa hawana cha kulipa cha maana. Amekutaja jina yeye mwenyewe. Nilishangaa kama wewe unavyoshangaa sasa.

Usinijibu kwa barua. Barua zako ni nzuri mno, unajificha ndani yake. Panda treni ya asubuhi Jumamosi, uje moja kwa moja juu, mezani. Na ufike kabla ya saa tisa na robo. Nataka unapoomba radhi niuone uso wako vizuri.

Keziah Tordoff